Hisa zilizoshotiwa kwenye kampuni ya madini: 8%, 12% au 54%? Nisome ipi?

Tarazu (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba msaada wa kusoma takwimu. Kuna kampuni ya lithiamu iliyoorodheshwa Toronto na New York, bei yake inacheza kwenye dola 6. Kushoti kwenyewe nakuelewa (simaanishi shoti ya umeme): unakopa hisa kupitia kwa dalali, unaziuza, bei ikishuka unanunua za bei nafuu na kumrudishia mwenyewe. Kinachonichanganya ni ile jumla ya hisa zilizoshotiwa ambazo bado hazijarudishwa.

Tovuti ya kwanza inasema 8%. Ya pili 12%, na inaongeza kwamba itachukua siku 12 kuzirudisha zote. Ya tatu inasema jana shoti ilikuwa 54%!

Takwimu nilizokusanya:
- Hisa zote zilizotolewa: milioni 210
- Waanzilishi na wakurugenzi: milioni 30
- Mtengenezaji wa betri aliyeingia kama mbia: milioni 40, zimefungwa kwa mkataba
- Zilizoshotiwa New York: milioni 16.8. Toronto: milioni 4.2
- Wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku: New York milioni 1.4, Toronto milioni 0.7
- Kuna hatifungani (hati ya deni la kampuni) ya dola milioni 120 inayoweza kugeuzwa hisa kwa bei ya dola 8
- Wiki sita zilizopita kampuni iliuza hisa mpya milioni 10 (zimo kwenye ile 210) kwa wawekezaji maalumu, kila hisa ikiambatana na nusu waranti (haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa). Tangu tangazo hilo shoti imepanda kwa milioni 4

Maswali: asilimia sahihi ni ipi, je, inamaanisha wakubwa wanajua jambo baya kuhusu mgodi, na je, hizo siku 12 ni dalili kwamba wenye shoti watabanwa, yaani watalazimika kununua kwa bei inayopaa?

---

Kokotoa

Mkuu, tovuti mbili za kwanza hazijakosea hesabu. Zimegawanya kwa vitu viwili tofauti, na zote zimeisahau Toronto. 16.8 kwa 210 ni 8%. 16.8 kwa 140, yaani hisa zilizobaki baada ya kutoa za waanzilishi na za mbia, ni 12%. Ukijumlisha masoko yote mawili unapata milioni 21, na 21 kwa 140 ni 15%.

Kigawanyo cha maana ni hisa huru, yaani zile zinazoweza kununuliwa sokoni kesho asubuhi. Hisa zilizofungwa kwa mkataba hazimsaidii mtu anayetafuta za kurudisha. Kwa kampuni kubwa ya chuma au shaba tofauti ni ndogo. Kwa kampuni ndogo za utafiti na za kuanza kujenga mgodi ni kubwa mno, kwa sababu nusu ya hisa inaweza kuwa mikononi mwa watu watano. Tovuti nyingi hukokotoa hisa huru kwa mashine na husasisha kwa kuchelewa, kwa hiyo chukua mwenyewe waraka wa mkutano mkuu wa wanahisa, soma jedwali la wenye hisa kubwa, toa.

Siku 12 nazo zimetoka New York peke yake: 16.8 kwa 1.4. Kwa jumla ni 21 kwa 2.1, siku 10. Lakini hiyo ni siku 10 endapo wenye shoti ndio wanunuzi pekee sokoni, jambo ambalo haliwezekani. Anayenunua bila kuisukuma bei hujitahidi asizidi kama sehemu ya tano ya mauzo ya siku. Kwa kasi hiyo, siku 10 zinakuwa 50. Na angalia wastani umepigwa kwa siku zipi. Yakitoka matokeo ya uchorongaji, mauzo hupanda mara sita kwa siku mbili, wastani wa siku 10 unavimba, na "siku za kurudisha" zinashuka ghafla ingawa hakuna aliyerudisha hisa hata moja. Tumia namba ya katikati ya siku 30 badala ya wastani.

Ile 54% itupe. Hiyo ni sehemu ya mauzo ya siku yaliyowekwa alama ya shoti, si shoti iliyobaki wazi. Mtengeneza soko (kampuni inayokaa tayari kununua na kuuza muda wote) akipokea oda ya mnunuzi wa hisa 1,000 na hana akiba, anamuuzia kwanza, mauzo yanawekwa alama ya shoti, kisha sekunde chache baadaye ananunua kufidia. Ununuzi wake hauhesabiwi kwenye faili hilo. Ndiyo maana siku ya kawaida kabisa, hata ambayo bei imepanda, faili la FINRA, msimamizi wa madalali wa Marekani, huonyesha 40% au 50% bila shoti halisi kuongezeka.

Halafu kuna umri wa takwimu. Marekani, madalali huripoti shoti zilizo wazi mara mbili kwa mwezi chini ya kanuni ya 4560 ya FINRA: kwa tarehe ya makabidhiano ya katikati ya mwezi na ya mwisho wa mwezi. Ripoti hutakiwa ndani ya siku mbili za kazi, na hutangazwa siku ya saba ya kazi. Tangu Mei 2024 makabidhiano Marekani na Canada ni siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo ripoti ya tarehe 15 inabeba biashara za mpaka tarehe 14 tu. Ikitoka ina zaidi ya wiki moja, na kabla ya inayofuata kutoka inafikia kama wiki tatu na nusu. Canada nako, msimamizi wa soko, CIRO, hutoa mara mbili kwa mwezi. Hakikisha namba zako za New York na Toronto ni za tarehe moja kabla ya kujumlisha.

---

Leja_Wazi

Kokotoa amesahau kitu kimoja. Zile hisa mpya milioni 10 zilizouzwa wiki sita zilizopita, kama ziliuzwa Canada kwa wawekezaji maalumu bila waraka wa umma wa toleo, zimefungwa kwa miezi minne na siku moja. Hazijawa huru. Hisa huru ni milioni 130, na 21 kwa 130 ni 16.2%. Kifungo kikiisha zinaingia kwenye kigawanyo na asilimia inashuka yenyewe bila mtu kufunga shoti yoyote.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo hasa. Namba hii haikwambii nani ameshoti wala kwa nini, na kwenye madini sehemu kubwa ya shoti mara nyingi haina ugomvi wowote na mgodi. Ni kinga ya watu walioipa kampuni pesa. Imenye kama kitunguu.

Anza na hatifungani. Dola milioni 120 kwa bei ya kugeuza ya dola 8 ni haki ya hisa milioni 15. Wanunuzi wakubwa wa hatifungani za aina hii hawataki kubahatisha bei ya lithiamu. Wanataka riba, pamoja na faida ya bei kuyumbayumba. Kwa hiyo wananunua hatifungani ya dola 1,000, ambayo ni haki ya hisa 125, na kushoti sehemu ya hisa hizo. Hisa ikiwa dola 6 na bado kuna miaka kadhaa mbele, sehemu hiyo huwa karibu na 0.6, yaani 75 kati ya 125. Kwa hatifungani yote ni shoti ya milioni 9. Bei ikipanda hadi 7, uwiano unasogea juu, tuseme 0.68, na wanashoti hisa 10 zaidi kwa kila hatifungani. Ikishuka wanazinunua. Umeona kinachotokea? Shoti yao inakua bei inapopanda. Anayeisoma kama kipimo cha hofu anaisoma kichwa chini miguu juu.

Sehemu ya pili ni hizo hisa zenye nusu waranti. Mfuko unaonunua kwa punguzo na umefungwa miezi minne una sababu ya kushoti hisa za kukopa sasa hivi, ufungie bei, kisha kifungo kikiisha urudishe zile ulizonunua. Unabaki na waranti ambayo haijaugharimu karibu chochote. Ukubwa wa punguzo unaokubalika kwenye TSX Venture, soko la Canada la kampuni ndogo, ni 25% kwa hisa isiyozidi senti 50, 20% kuanzia hapo hadi dola 2, na 15% juu ya dola 2. Kwa hiyo tangazo la toleo likitoka na ripoti mbili zinazofuata zikionyesha ongezeko, kisha ongezeko hilo likayeyuka mwezi wa tano, umeshajua ni nani. Milioni 4 zako zilizopanda baada ya tangazo nazishuku kuwa za kundi hili, ingawa ripoti haitaji majina. Marekani kuna Kanuni ya 105 inayomzuia aliyeshoti ndani ya siku tano za kazi kabla ya bei ya toleo la umma kupangwa asinunue kwenye toleo hilo. Inapunguza mchezo huu, haiugusi wa Canada wa hisa zilizofungwa.

Milioni 21, toa 9, toa 4. Zimebaki 8, yaani 6.2% ya hisa huru. Hizo ndizo za kujadili kama kuna anayeamini mgodi utaharibika. Makadirio haya yana makosa ya milioni moja au mbili upande wowote, lakini hayawezi kukurudisha kwenye 16%.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo hazigusi kampuni yako leo ila utakutana nazo. Kampuni ikinunua nyingine kwa kulipa hisa zake, wacheza tofauti ya bei hununua inayonunuliwa na kushoti inayonunua kwa uwiano uleule wa mkataba. Newmont ilipoichukua Newcrest mwaka 2023 uwiano ulikuwa hisa 0.400 ya Newmont kwa kila hisa moja ya Newcrest, kwa hiyo aliyenunua 1,000 za Newcrest alishoti 400 za Newmont. Mkataba ulipokamilika Novemba mwaka huo, sababu ya shoti za aina hiyo iliisha. Sababu nyingine ni fahirisi. Mfuko wa GDXJ, unaofuata fahirisi ya kampuni ndogo za dhahabu, ulijaa pesa mpaka ukakaribia kumiliki sehemu ya tano ya baadhi ya kampuni ndogo za dhahabu, na Canada kiwango hicho huamsha sheria ya kununua kampuni nzima. Aprili 2017 ikatangazwa kwamba fahirisi yake itaingiza kampuni kubwa zaidi mwezi Juni. Kila mtu akajua hisa zipi zitauzwa na siku ipi, na zikashotiwa mapema, ili mfuko wenyewe uje kuwa muuzaji wa hisa za kurudisha. Migodi ilikuwa ileile.

---

Tarazu

Asanteni, hii ya kumenya sikuwahi kuiona popote. Basi niulize tena la mwisho. Hata zikibaki milioni 8, bei ikiruka si watalazimika kununua wote kwa mpigo? Na kwa nini watu washoti kampuni ya lithiamu badala ya kushoti lithiamu yenyewe?

---

Mchorongaji

Nianze na la pili, ni fupi. Dhahabu na shaba zina masoko ya mikataba ya baadaye yenye kina, kwa hiyo anayeitabiria dhahabu kushuka anauza mkataba na kumaliza. Lithiamu ilikaa miaka bila soko la namna hiyo lenye mauzo ya maana. Soko la Guangzhou, China, lilianzisha mikataba ya lithiamu kaboneti Julai 2023 tu, na si kila mfuko wa nje unalifikia kirahisi. Urani nayo ni hivyohivyo, soko lake la mikataba ni jembamba. Mtu mwenye maoni juu ya madini hayo anashika kampuni kubwa yenye hisa nyingi za kukopa na kuishoti kama kibadala. Lithiamu kaboneti ya China ilikuwa karibu yuan 600,000 kwa tani mwishoni mwa 2022 na ikawa chini ya 100,000 kabla 2023 haijaisha. Katika mporomoko huo na baada yake Pilbara Minerals ya Australia ilishotiwa kupita 20% ya hisa zake, nayo ni mzalishaji halisi mwenye mgodi unaofanya kazi na akiba ya fedha. Shoti ile ilikuwa juu ya bei ya spodumeni (mwamba wenye lithiamu) kuliko juu ya ubora wa mwamba. Ukitaka kupima kama ndivyo ilivyo kwa kampuni yako, ilinganishe na wenzake watatu wa madini yaleyale. Shoti ikipanda kwa wote pamoja, ni madini. Ikipanda kwa mmoja huku wenzake wametulia, fungua ripoti yake ya kitaalamu.

Sasa kubanwa. Masharti matatu yanapaswa kukutana: hisa za kukopa ziwe zimekauka, wenye shoti wawe wanalazimika kununua sokoni, na pasiwe na mtu mwenye hisa mpya za kuuza. Kwenye madini la pili na la tatu huvunjika mara kwa mara.

La pili: wa hatifungani anafunga shoti kwa kugeuza hatifungani, wa toleo anafunga kwa kukabidhi hisa zilizofunguliwa. Bei ikiruka, hakuna hata mmoja anayelazimika kupita sokoni. Kwa hiyo hesabu ya "siku za kurudisha" haiwahusu. Zile siku 10 za Kokotoa kwa milioni 8 ni siku 3.8 tu.

La tatu ndilo watu wanalisahau. Mgodi unaojengwa hauna mapato, unakula fedha kila robo mwaka, na bei ya hisa ikiruka 40% mkurugenzi wa fedha anaona mlango umefunguka. Kampuni nyingi zina mpango uliokwisha kusajiliwa wa kuuza hisa mpya kidogo kidogo sokoni kwa bei ya siku, na hautangazi kila asubuhi umeuza ngapi. Au inatangaza toleo usiku, bei inashuka, na wenye shoti wananunua kwenye hilohilo la kushuka. Muuzaji anayevunja mbano ni kampuni yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu shoti hesabu fedha: kampuni ikiwa na dola milioni 38 na kutumia milioni 11 kwa robo, ina robo tatu na nusu. Australia wamerahisisha, ripoti ya robo mwaka ya Appendix 5B ina sehemu inayotaja robo zilizobaki, na zikipungua chini ya mbili kampuni hulazimika kueleza itapata wapi pesa. Wenye shoti huisoma sehemu hiyo kwanza.

Kinachoweza kuwaumiza kweli ni ofa ya kununuliwa kwa fedha taslimu. Arcadium Lithium ilifunga dola 3.08 tarehe 4 Oktoba 2024, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba Rio Tinto itainunua kwa 5.85 taslimu. Aliyeshoti hisa 100,000 kwa 3.08 alipoteza dola 277,000, wakati faida yake ya juu kabisa, kampuni ikifa, ingekuwa 308,000. Hapo hakuna toleo la kumwokoa, na bei haimpi nafasi ya kutoka njiani.

---

Kokotoa

Nakubali marekebisho ya hisa huru, ni 130.

Niongeze juu ya gharama, maana ada ya kukopa ni taarifa mpya kuliko ripoti yoyote, na dalali huionyesha kila siku. Hisa inayopatikana kirahisi hukopeshwa chini ya 1% kwa mwaka. Ikifika 20%, 40% na kuendelea, akiba imekauka. Shoti ikipanda na ada ikabaki chini, wakopeshaji bado wapo tele, usiote mbano. Shoti ikiwa palepale na ada ikapanda ghafla, ama wakopeshaji wameziita hisa zao ama mwenye hisa kubwa ameuza kwa mtu asiyekopesha. Mifuko mikubwa pia huita hisa kabla ya tarehe ya kuorodhesha wapiga kura wa mkutano wenye mvutano. Shoti hushuka wakati huo na kurudi wiki mbili baadaye.

Kwa hisa za senti kuna mtego wa hesabu. Kwa desturi ya ukopeshaji wa Marekani, dhamana ya mkopo hupigwa kwa 102% ya bei kisha kupandishwa hadi dola nzima inayofuata. Hisa ya senti 40: 0.408 inapandishwa kuwa dola 1. Ukishoti 50,000, thamani yake halisi ni dola 20,000 lakini ada inatozwa juu ya 50,000. Kwa 30% kwa mwaka, 50,000 × 0.30 ÷ 360 ni dola 41.67 kwa siku, si 16.67. Kiwango halisi ni 75%. Juu ya hapo, kanuni ya FINRA ya dhamana ya kushikilia shoti kwa hisa iliyo chini ya dola 5 ni dola 2.50 kwa hisa au thamani yote ya soko, kubwa kati ya hizo. Yaani dola 125,000 zimelala kwa shoti ya 20,000. Kwa hiyo kampuni ya utafiti ya senti 40 yenye shoti ya 0.3% haijathibitishwa na mtu kuwa safi. Ni ghali tu kuishoti.

---

Daftari

Mawili matatu kwa wanaofuata kampuni zilizo nje ya Amerika Kaskazini, maana kila soko lina kigawanyo chake.

Australia, msimamizi wa masoko, ASIC, hutangaza jumla kila siku, ikiwa na ucheleweshaji wa siku nne za kazi. Ni data nzuri kuliko ya Marekani, lakini asilimia yake ni ya hisa zote zilizotolewa, si hisa huru. Usiiweke safu moja na asilimia ya tovuti ya Marekani bila kubadilisha. Nafasi ndogo zisizozidi dola 100,000 za Australia na 0.01% ya hisa haziripotiwi, upungufu usio na maana kwa kampuni kubwa.

Umoja wa Ulaya hutangaza jina la kila mwenye shoti halisi kuanzia 0.5% ya hisa, na kila mabadiliko ya 0.1%. Unapata majina, hupati jumla: mifuko kumi yenye 0.4% kila mmoja ni 4% ambayo huioni. Na ni shoti halisi, yaani baada ya kutoa hisa anazozimiliki. Uingereza imefuata utaratibu huohuo kwa miaka, ila sheria yake inabadilishwa kuelekea kutangaza jumla bila majina, kwa hiyo angalia ukurasa wa msimamizi wa masoko, FCA, wenyewe badala ya maelezo ya zamani.

Kwa Tarazu: kujumlisha New York na Toronto ni sahihi kama kikomo cha juu. Kuna wanaoshoti soko moja na kununua lingine kwa tofauti ya senti mbili tatu, na hao wanaonekana kama shoti upande mmoja huku hawana msimamo wowote. Kawaida hufunga haraka, ila mwisho wa mwezi unaweza kuwakuta katikati.

Jingine, kampuni ndogo za madini hupenda kuunganisha hisa, kumi kuwa moja. Baadhi ya tovuti hurekebisha bei na kusahau shoti, au kinyume chake. Ukiona shoti imeshuka kwa 90% kati ya ripoti mbili, au imekuwa 140% ya hisa huru, angalia taarifa za kampuni za mwezi huo kabla ya kuandika mada yenye alama za mshangao.

---

Leja_Wazi

Tarazu, tengeneza jedwali la ripoti kumi na mbili za mwisho, yaani miezi sita. Safu zangu huwa hizi: tarehe ya makabidhiano (si ya kutangazwa), shoti New York, shoti Toronto, hisa huru siku hiyo, bei ya hisa, bei ya madini, ada ya kukopa, na tukio la kampuni. Safu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Weka humo tangazo la toleo, siku kifungo kinapoisha, hatifungani mpya, mabadiliko ya fahirisi, na robo ya fedha.

Kwa kampuni yako, kifungo cha zile milioni 10 kinaisha kama wiki kumi na moja au kumi na mbili kutoka sasa. Piga alama kwenye ripoti ya kwanza baada ya hapo. Shoti ikishuka kwa milioni 3 au 4 bila mauzo ya siku kuongezeka wala bei kupanda, zilikuwa za toleo na makadirio ya milioni 8 yanasimama. Isiposhuka, rudisha hizo 4 kwenye fungu la wasioipenda kampuni, uwe na milioni 12, sawa na 8.6% ya hisa huru ambazo wakati huo zitakuwa 140.

---

Tarazu

Nimeanza kulijaza. Ripoti tatu za mwanzo, kabla ya toleo, shoti ilikuwa inapanda kwa laki tatu nne kila bei ya hisa ilipopanda na kupungua iliposhuka. Hao ni wa hatifungani, sivyo?

---

Leja_Wazi

Ndiyo, hao hao. Laki nne kwa hisa milioni 15 ni mabadiliko ya uwiano ya karibu 0.027, kwa mfano wa juu, wa 0.08 kwa dola moja, ni mwendo wa bei wa kama senti 33. Linganisha na bei zako za tarehe hizo uone kama zinakaribiana.